Kiti cha Mtoto Garini: Maswali Kuhusu Ajali za Kugonga kwa Mbele

Nikimpakata mtoto na kumshika barabara, na gari haliendi kasi, je, haitoshi?

Haitoshi. Gari lililo katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga ukuta husimama ghafla, ila mtoto huendelea mbele kwa mwendo uleule mpaka kitu kimzuie. Likisimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 huivuta mikono iliyomshika kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 140. Kumfunga pamoja nawe kwa mkanda mmoja ni hatari zaidi, kwa kuwa mwili wako ndio utakaomkandamiza. Kazi ya kiti ni kumfanya mtoto apunguze mwendo sambamba na gari, na kuisambaza nguvu hiyo kwenye sehemu za mwili zinazoweza kuihimili.

Kwa nini mtoto mdogo akae akitazama nyuma?

Kichwa cha mtoto mchanga ni takriban robo ya urefu wake, na mifupa ya shingo yake bado haijakomaa. Akikaa akitazama mbele, mikanda huzuia kiwiliwili huku kichwa kikirushwa mbele, na mzigo wote hubebwa na shingo. Akitazama nyuma, kichwa, shingo na mgongo hupokewa kwa pamoja na mgongo wa kiti. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 129, inayohusu viti vya watoto garini, hairuhusu mtoto kugeuzwa mbele kabla ya kutimiza miezi 15, lakini hicho ni kiwango cha chini tu. Nchini Sweden wazazi wengi huwaacha watoto wakitazama nyuma hadi karibu miaka 4. Wapo wanaohofia miguu iliyokunjwa, ingawa mguu uliovunjika kwa kawaida huunga, na uti wa mgongo uliokatika hauungi.

Nitajuaje kwamba kiti na mikanda vimekaza?

Shika kiti pale mkanda wa gari unapopita, ukitikise: kisisogee zaidi ya sentimita 2.5. Kisha, ukiwa umemfunga mtoto, jaribu kuufinya mkanda wake begani kwa vidole viwili. Ukiweza kupata mkunjo, bado umelegea. Mkanda uliolegea humwacha mtoto arushwe kwanza ndipo umkamate kwa kishindo. Koti zito hudanganya kwa namna hiyohiyo, kwani hubonyea wakati wa mgongano na kuacha nafasi. Mvue, umfunge, kisha umfunike nalo kwa juu. Kiti kinachotazama mbele kikiwa na mkanda wa juu wa kukifunga kwenye gari, utumie, maana hupunguza umbali ambao kichwa husogea.

Je, kiti kinaweza kuwekwa mbele?

Kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa sababu mfuko huo hufumuka kwa nguvu na kukipiga kiti mahali penye kichwa cha mtoto. Nafasi ya nyuma ndiyo bora.

Mtoto wa miaka 7 bado anahitaji kiti?

Kwa kawaida ndiyo, kwa kuwa kinachoangaliwa ni kimo. Kutegemea sheria za nchi, kiti cha kumwinua hutumika mpaka afikie kati ya sentimita 135 na 150. Bila kiti hicho, mkanda wa chini hupanda tumboni, na katika mgongano unaweza kupasua matumbo au ini. Mkanda huo unapaswa kulala chini kwenye nyonga, na ule wa juu upite katikati ya bega. Watoto wa umri huu hupenda kuupitisha mkanda wa juu nyuma ya mgongo kwa sababu unawakera shingoni. Geuka umtazame kabla hujawasha gari.