Mwinu haurutubishi shamba, lakini upande tu

Kila nikigawa miche ya mwinu, hakosi mkulima wa kuniambia, "Huu si ni wa jamii ya kunde? Basi utanirutubishia udongo." Hautakurutubishia. Maua na maganda ya mwinu (kisayansi Senna didymobotrya) ni ya ukoo huo kweli, ila mizizi yake haina vile vinundu vinavyohifadhi bakteria wa kunasa naitrojeni. Ng'oa mharage, kisha ng'oa mche wa mwinu, uoshe mizizi yote miwili. Kwenye mharage utaona vinundu, na ukipasua kilicho hai ndani utakuta wekundu uliofifia. Kwenye mwinu hakuna kitu. Karibu jenasi nzima ya Senna iko hivyo. Anayetaka naitrojeni ya bure apande mbaazi.

Mimi nauotesha kwa sababu nyingine. Wakalenjin huuita senetwet: kijiti chake huchomwa hadi kiwe kaa, kikasuguliwa ndani ya kibuyu kabla ya kutiwa maziwa ya mursik, yale yanayoachwa humo yachachuke. Ile rangi ya kijivu na ladha ya moshi ndiko zinakotoka.

Halafu kuna maua. Shada husimama wima kwenye ncha ya tawi, machipukizi meusi juu, maua ya manjano yakifunguka kuanzia chini. Simama karibu asubuhi usikilize. Nyuki wakubwa weusi, wale wanaotoboa mbao za paa, huikumbatia stameni na kutetemesha mwili kwa mlio mkali, na chavua huruka kupitia vitundu vidogo vya nchani. Nyuki wa asali hawana ujuzi huo, na ua lenyewe halina nekta, kwa hiyo usiuhesabu kwenye mipango ya mzinga.

Kuotesha si kazi. Chuma maganda yakishakuwa ya kahawia, kabla hayajapasuka. Ganda la mbegu ni gumu, maji hayapenyi. Zimwagie maji moto yaliyoepuliwa jikoni, uziache humo hadi kesho yake, kisha panda zilizovimba. Ambazo hazijavimba zirudishie maji moto. Tia kwenye viriba, mbegu mbilimbili, na miche ikishika ihamishie penye jua la kutosha na udongo usiotuamisha maji. Ukiona viwavi wa kijani wanatafuna majani, waache. Watakuwa vipepeo weupe, na kichaka kitachipua tena.

Ninachosisitiza ni kupogoa. Baada ya maua kata matawi yaliyozaa, la sivyo kichaka hurefuka na kubaki uchi chini. Mifugo huukwepa kwa kuwa una sumu, ndiyo maana huenea haraka kwenye malisho yaliyochoka. Afrika Kusini umeorodheshwa kuwa mmea vamizi. Wanaokunywa mizizi yake kama dawa ya kusafisha tumbo kwa kuharisha wanacheza na hatari. Kwangu naupanda kwenye ua wa boma tu, mbali na mto, na maganda nisiyoyahitaji nayakata yakiwa bado mabichi.