Zindagi Gulzar Hai: mtihani wa serikali uliotangulia posa

Wengi wanaoisimulia tamthilia ya Kipakistani iitwayo Zindagi Gulzar Hai husema kwamba ni kisa cha kijana tajiri aliyempenda binti maskini. Mimi hufundisha uandishi wa tamthilia za televisheni, na kila ninapoitumia darasani huwaomba wanafunzi waangalie jambo moja tu: posa ya kijana huyo inapelekwa lini, na inapelekwa kwa nani. Haipelekwi kwa binti maskini. Inapelekwa kwa ofisa wa serikali mwenye nyumba ya serikali, gari na dereva, ambaye umaskini wake umekwisha kuwa kumbukumbu. Kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo ufundi wa tamthilia hii, na hapo hapo ndipo ulipo udhaifu wake, kwa kuwa inamwahidi mtazamaji kwamba wapenzi watauvuka mpaka wa kitabaka, kisha inauondoa mpaka wenyewe polepole kabla hawajaufikia.

Kwa asiyeijua, tamthilia hii ilirushwa na kituo cha Hum TV kila Ijumaa kuanzia tarehe 30 Novemba 2012 hadi 24 Mei 2013, katika sehemu 26. Iliongozwa na Sultana Siddiqui, mwasisi wa Hum, ambaye kabla ya hapo aliongoza tamthilia kwa miaka mingi katika televisheni ya taifa, PTV. Hadithi yake ni ya Umera Ahmed, aliyeiandika upya kutoka katika riwaya yake mwenyewe. Sanam Saeed aliigiza kama Kashaf Murtaza, na Fawad Khan kama Zaroon Junaid. Idadi hiyo ya sehemu si jambo dogo. Tamthilia za kila siku za India zinaweza kuendelea kwa mamia ya sehemu kadiri watazamaji wanavyozipenda, lakini ya Kipakistani, kwa desturi, huwa na mwisho ambao mtunzi ameujua tangu anapoandika mwanzo. Ndiyo maana mtihani utakaobadilisha maisha ya Kashaf unaweza kupandwa mapema na kuvunwa kwa wakati wake, bila kuonekana kama bahati iliyodondoka kutoka angani.

Umaskini wa Kashaf una asili ya pekee, nao unastahili kuangaliwa kwa makini. Baba yake, Murtaza, si fukara. Ni mtu wa kipato cha kawaida aliyeoa mke wa pili kwa sababu mke wa kwanza, Rafia, alimzalia mabinti watatu na hakumzalia mwana wa kiume. Mke wa pili alimpatia mwana huyo, na fedha zikahamia huko pamoja na mapenzi. Sheria ya familia ya Pakistani ya mwaka 1961 inamtaka mume anayetaka kuongeza mke aombe kibali cha baraza la usuluhishi, lakini tamthilia haijihangaishi na baraza lolote, kwa sababu inachotaka kuonyesha ni yale yanayobaki nyumbani baada ya mume kuondoka. Rafia ni mwalimu mkuu wa shule ya serikali, na jioni hufundisha watoto tuisheni ili fedha zifike mwisho wa mwezi. Kwa hiyo familia hii haikuzaliwa katika ufukara; ilisukumwa humo na uamuzi wa mwanamume mmoja kuhusu thamani ya watoto wa kike. Tabaka, katika hadithi hii, limezaliwa na jinsia, na sijui tamthilia nyingi za mapenzi zinazolisema jambo hilo waziwazi namna hii.

Msomaji wa pwani yetu atahitaji maelezo kidogo kuhusu mabinti watatu na gharama yao. Mahari ya Kiislamu, inayotoka kwa mume kwenda kwa mke, ipo Pakistani kama ilivyo kwetu na huandikwa katika mkataba wa ndoa, lakini mara nyingi siyo mzigo mkubwa wa harusi. Mzigo ni vitu ambavyo nyumba ya binti hutakiwa kuvitoa: samani, jokofu, vyombo, dhahabu, na penye tamaa kubwa zaidi, pikipiki au gari la bwana harusi. Sheria ya mwaka 1976 iliweka kikomo cha rupia 5,000 kwa thamani ya vitu hivyo, nayo ni sheria ambayo kila mtu anaijua na ni wachache wanaoifuata. Mabinti watatu katika nyumba isiyo na baba wa kulipa ni hesabu inayomkosesha mama usingizi. Kashaf amekua akiisikia hesabu hiyo, na ndiyo maana anazungumza na Mungu kama mtu anayedai stakabadhi: kwa nini huyu amepewa kile, na mimi nikanyimwa?

Nyumba ya akina Zaroon ni kinyume cha hiyo kwa kila hali. Baba yake ni tajiri mpole, mama yake, Ghazala, ana kazi na shughuli za nje zinazomweka mbali na nyumba, na watumishi wa ndani ndio wanaopakua chakula. Zaroon si mwovu. Ni kijana mwenye akili, mchangamfu, anayezoea kupendwa, ambaye hajawahi kujiuliza bili ya umeme inalipwa na nani. Mtunzi amewapa wahusika hawa wawili kila mmoja shajara yake, na tunasikia sauti zao wakiandika usiku. Mbinu hiyo ni ya zamani, lakini hapa ina kazi mahsusi: tukio moja tunalisikia mara mbili, kwanza kutoka kwa mtu anayehesabu kila kitu kwa sababu hana ziada, kisha kutoka kwa mtu asiyehesabu chochote kwa sababu hakuna kilichowahi kumpungukia. Anachokiona Zaroon kuwa kiburi cha msichana asiye na adabu, Kashaf anakiandika kama tahadhari ya mtu asiyeweza kumudu kosa hata moja.

Wanakutana chuo kikuu, ambako Kashaf anasoma kwa ufadhili. Zaroon, aliyezoea kuwa wa kwanza, anakuta kuna mtu anayemshinda darasani na wala hatabasamu akitaniwa. Anajaribu kumkaribia kwa mzaha ili kuwaonyesha rafiki zake kwamba hata huyu anaweza kulainika, na Kashaf anayasikia maneno hayo kwa masikio yake. Anamkabili hadharani. Tukio hili ndilo watu wanalolikumbuka, na ni haki yao, kwa kuwa Sanam Saeed analiigiza bila machozi. Sauti yake inashuka badala ya kupanda. Kiufundi, hata hivyo, kazi ya tukio hilo ni kuufunga mlango. Baada ya hapo haiwezekani tena kwa Zaroon kumpata kwa maneno matamu, na hadithi inalazimika kutafuta njia nyingine.

Njia hiyo ni mtihani wa utumishi wa umma unaojulikana kama CSS, unaoendeshwa na Tume ya Shirikisho ya Utumishi wa Umma. Mtazamaji wa Pakistani hahitaji kuelezwa uzito wake, sisi tunahitaji. Mtihani huu ndio lango la kuingia katika ngazi ya juu ya serikali: utawala wa wilaya, polisi, kodi, mambo ya nje. Wanaofaulu ni wachache sana kati ya maelfu wanaojaribu, na sehemu kubwa huandikwa kwa Kiingereza, pamoja na insha ya lazima ambayo huwaangusha wengi. Aliyesoma shule ya kulipia inayofundisha kwa Kiingereza ameanza mbio akiwa mbele, na baada ya maandishi yanafuata mahojiano, ambapo lafudhi na namna ya kukaa kitini huonekana. Lakini insha yenyewe haiulizi baba yako ni nani, na kwa familia za walimu na makarani wa Pakistani, mtihani huo umebaki mojawapo ya ngazi chache ambazo mtoto anaweza kuzipanda bila mtu wa kumshika mkono. Cheo chenyewe cha utawala wa wilaya ni urithi wa Waingereza waliotawala Bara Hindi kwa maofisa wa wilaya. Wazee wa Kenya na Tanganyika waliomjua DC, yaani mkuu wa wilaya wa zama zile, watamtambua Kashaf mara moja anaposhuka kwenye gari la serikali na walinzi kusimama wima.

Kashaf anafaulu na kuingia katika utawala wa wilaya. Zaroon naye anaingia katika utumishi wa serikali. Wanapokutana tena wako upande mmoja wa meza, na ni hapo tu Zaroon anapogundua kwamba anamfikiria, na ni hapo tu mtunzi anapomruhusu kupeleka posa. Mtu anayeipeleka ni Profesa Abrar, mwalimu wao wa zamani, anayeheshimiwa na pande zote mbili. Kashaf anakataa. Anaamini kwamba kijana huyu anatafuta kulipiza kisasi kwa njia ya ndoa, na ukizingatia yaliyopita, si wazo la kipuuzi. Inahitaji hoja za profesa na maombi ya mama yake ili akubali, na hata anapokubali hakubali kwa moyo uliotulia.

Ikiwa mpaka wa kitabaka umekwisha kuondolewa na mtihani, basi tamthilia inasema nini kuhusu mapenzi ya tajiri na maskini? Inasema, kwa sauti ya chini, kwamba maskini anaweza kuolewa na tajiri iwapo kwanza ataacha kuwa maskini, tena kwa jitihada ambayo mtu mmoja tu kati ya wengi huifikia. Wanafunzi wangu wengine hulikataa jambo hili na kunijibu kwamba Kashaf anabaki na tabia ya tabaka lake hata akiwa na gari la serikali: anaendelea kuhesabu, anaendelea kutoamini zawadi. Wana hoja. Lakini tabia ya tabaka na hali ya tabaka ni mambo mawili, na mama mkwe humpokea mkwe kwa kuangalia hali.

Jambo linalonisumbua zaidi ni namna wema ulivyogawanywa. Wanawake wa upande wa utajiri wote wanaadhibiwa. Ghazala anaonyeshwa kama mama aliyewakosa watoto wake kwa ajili ya kazi. Sara, dada yake Zaroon, anaivunja ndoa yake kwa kutokubali masharti ya mume. Asmara, mchumba wa kwanza wa Zaroon, anapoteza uchumba kwa sababu hataki kupangiwa mavazi na saa za kurudi nyumbani. Kisha anakuja Kashaf, mwenye kazi nzito kuliko wote hao, lakini anayepika, anayejisitiri na anayemwandalia mume nguo za kazini, na yeye ndiye mfano wa kuigwa. Ili kuelewa chanzo cha mgawanyo huu ni lazima kukumbuka mahali alikotoka Umera Ahmed. Alianza katika majarida ya hadithi za wanawake ya Kiurdu, ambayo husomwa sana na wanawake wa tabaka la kati la chini. Msomaji huyo amechoka kuona utajiri ukihesabiwa kuwa ustaarabu, na anapenda kusoma kwamba adabu imehamia nyumbani kwake. Namwelewa. Gharama yake, hata hivyo, inalipwa na wahusika kama Asmara, ambao kosa lao ni kutaka uhuru ule ule alionao Zaroon.

Ulinganisho na Humsafar, tamthilia nyingine ya Hum TV ya miaka ya 2011 na 2012, ambayo pia ilimtumia Fawad Khan, unaonyesha kinachotokea mpaka usipoondolewa. Mhusika mkuu wa Humsafar, Khirad, anaolewa haraka katika nyumba ya kitajiri ya Karachi wakati mama yake anakaribia kufa. Hana mshahara wala nyumba ya kurudi, na mama mkwe wake, Farida, anapomsingizia usaliti, neno la Farida linatosha kumtoa nje usiku. Mwaka 2022, kituo cha ARY Digital kilirusha Kaisi Teri Khudgharzi, ambamo kijana wa familia yenye nguvu anatumia fedha na vitisho kumpata binti wa familia ya kawaida asiyemtaka, na watazamaji wengi wa Pakistani walilaumu kwamba unyanyasaji ulipambwa kuwa mapenzi. Ukiziweka tatu hizo pamoja, utaona kwamba cheo cha Kashaf si pambo la hadithi. Ndicho kinachomwezesha kusema hapana na neno hilo likasikika.

Sehemu za mwisho ndizo ninazozipenda kuliko sehemu za chuo, ingawa hazina mashabiki wengi kama zile. Zaroon anagundua kwamba rafiki yake Osama aliwahi kupeleka posa kwa Kashaf kabla yao kuoana, na kwamba Kashaf hakumwambia. Anakasirika, huku yeye mwenyewe akiwa anakutana na Asmara bila kumweleza mkewe. Kashaf anarudi kwa mama yake. Wote wawili sasa wana mishahara, hakuna anayemtegemea mwenzake kwa paa wala chakula, na bado kila mmoja anasoma nia ya mwenzake kwa macho ya utotoni: Zaroon anaona mke anayeficha, kama anavyodhani wanawake wa nyumbani kwao walivyoficha, na Kashaf anamwona Murtaza akiaga mlangoni. Mtihani haukuwa na karatasi ya somo hilo. Mtunzi anawapatanisha kwa habari ya ujauzito, suluhisho ambalo naliona la haraka mno, kwa kuwa Zaroon anaomba radhi kwa kukutana na Asmara, lakini swali la kwa nini mke atoe maelezo ya posa aliyoikataa kabla ya ndoa linaachwa bila jibu.