Ukungu ulioshiba hautoi dawa: dhana potofu kuhusu utengenezaji wa penisilini

Dhana: Ukungu ukilishwa sana, penisilini inakuwa nyingi.

Hii ndiyo inayopotosha kuliko zote. Ukungu wa Penicillium ukipata glukosi tele hunenepa haraka, lakini dawa hutoa kiduchu. Penisilini huanza kutoka kwa wingi pale ukuaji unapopungua kasi. Ndiyo maana mwaka 1941, katika maabara ya Wizara ya Kilimo ya Marekani mjini Peoria, Andrew Moyer aliulisha laktosi, sukari ya maziwa ambayo ukungu huila polepole. Akaongeza maji mazito yanayobaki viwanda vya wanga vinapoloweka mahindi. Mavuno yakapanda mara kadhaa! Baadaye ikajulikana kwamba maji yale, mbali na kuwa na nitrojeni, yalibeba viambato ambavyo ukungu huvitumia kuunda penisilini G, mojawapo ya aina za dawa hiyo. Leo viwanda hutumia glukosi, ila huidondosha tangini kidogo kidogo, na kiambato cha aina hiyo, asidi ya fenilasetiki, huongezwa kwa kipimo.

Dhana: Ukungu huota juu tu, kama kwenye mkate.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walianza hivyo, kwenye vyombo vyenye kina kifupi, na dawa ikawa haba kiasi cha kuchujwa tena kutoka kwenye mkojo wa mgonjwa wa kwanza kutibiwa. Kuukuza ndani ya tangi refu kulidai mambo mawili. Kwanza, aina ya ukungu inayokubali kuzama. Iliyo bora ilipatikana mwaka 1943 kwenye tikiti lililooza, hapohapo Peoria. Pili, hewa. Oksijeni huyeyuka kidogo sana majini, kwa hiyo hewa iliyochujwa vijidudu hupulizwa kutoka chini huku mchanganyiko ukikorogwa usiku na mchana. Pumzi ikikatika, uzalishaji unaanguka.

Dhana: Joto la mwili ndilo linalofaa.

Hapana. Ukungu huu hupenda nyuzi 25 hivi za Selsiasi; nyuzi 37 zinauumiza.

Dhana: Tangi lenye dawa ya kuua bakteria haliwezi kuingiwa na bakteria.

Linaingiwa, tena kwa hasara kubwa. Wapo bakteria wanaotoa kimeng'enya kinachovunja penisilini yenyewe, na wakipenya, kazi ya siku kadhaa inamwagwa. Kwa hiyo tangi, mabomba na chakula cha ukungu hupikwa kwa mvuke kabla ya ukungu kutiwa, na kila valvu hulindwa hadi siku ya kuvuna.