Mwigo si Kufanana Tu: Ua la Sagiso na Ndege Yangeyange

Katika baiolojia, mwigo ni hali ya kiumbe mmoja kufanana na mwingine kwa namna inayomhadaa kiumbe wa tatu, na hadaa hiyo ikamnufaisha mwigaji. Namsisitiza huyo wa tatu kwa sababu ndiye anayesahaulika kila picha ya okidi iitwayo sagiso inaposambazwa na watu wakaelezwa kwamba ua hilo limemwiga yangeyange.

Mfanano wenyewe haubishaniwi. Sagiso humea katika ardhi oevu yenye jua huko Japani na Korea, na mdomo wa ua lake jeupe, yaani petali yake ya chini, una pande mbili zilizochanika nyuzinyuzi kama bawa lililokunjuliwa. Hata jina lake la Kijapani linamtaja ndege huyo. Lakini anayehadaiwa ni nani? Wachavushaji wake ni nondo wenye ulimi mrefu, wanaofuata nekta iliyomo katika kirija chembamba nyuma ya ua, na nondo hana haja yoyote na yangeyange. Watafiti wa Japani walipozikata nyuzi hizo waligundua kwamba nondo hujishikiza kwazo kwa miguu anaponyonya, na kwamba maua yaliyokatwa yalizaa mbegu nzima chache zaidi.

Hoja inayonikera zaidi ni ile inayotolewa kwa lugha ya sayansi: kwamba ua ni adimu na ndege ni wa kawaida, hivyo kanuni ya mwigo, kwamba mwigaji awe adimu kuliko anayeigwa, imetimia. Kanuni hiyo ipo, nayo chimbuko lake ni maelezo ya mwanaasili Mwingereza Henry Walter Bates kuhusu vipepeo wa Amazon, yaliyochapishwa mwaka 1862. Kipepeo anayelika, akifanana na asiyelika, huokoka ilimradi asiwe mwingi mno, kwani ndege mla vipepeo akishaonja watamu wengi haziogopi tena rangi zile. Uadimu wa aina hiyo una maana pale tu alipo mwindaji anayejifunza kwa kuonja. Sagiso imepungua kwa sababu maeneo oevu yamekaushwa na watu wameing'oa ili wakaipande vyunguni, ilhali yangeyange, ambaye huvua hata katika mashamba ya mpunga, ameyastahimili mabadiliko hayo.

Anayetaka mwigo wa kweli miongoni mwa okidi aitazame jenasi ya Ophrys, ambayo maua yake hutoa harufu ya nyuki jike hata dume akajaribu kupandana nayo, kisha akaondoka na chavua. Kuhusu sagiso, inatosha kusema kwamba machoni petu inafanana na yangeyange.