Kwa nini PCB inaanza na P: fizikia ambayo daktari hawezi kuikwepa

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, swali hili halikosekani. Kijana amefaulu vizuri bailojia na kemia, fizikia imempiga chenga, na ndoto yake ni udaktari. Anauliza kama anaweza kuchukua CBG, yaani kemia, bailojia na jiografia, halafu akasomea udaktari wa binadamu. Kwa hapa Tanzania jibu ni fupi: hapana, njia ya kutoka kidato cha sita kwenda shahada ya udaktari ni PCB, yaani fizikia, kemia na bailojia. Ndipo linakuja swali la pili, ambalo wakubwa wengi hulikata juu juu: "Kwani mgonjwa nitampigia hesabu za fizikia?"

Utampigia, mdogo wangu. Kila siku ya kazi, na mara nyingi bila hata kushika kalamu.

Fizikia ni elimu ya kani, kanieneo (presha), joto, mwanga, sauti, umeme na mionzi. Mwili wa binadamu unaishi kwa hayo yote: moyo ni pampu, mishipa ni mabomba, jicho lina lenzi, neva zinapitisha umeme. Na karibu kila kifaa ambacho daktari anakitegemea kujua kinachoendelea chini ya ngozi kinafanya kazi kwa kanuni ya fizikia. Hii tusiichanganye na fizikia tiba, ambayo ni taaluma ya pekee ya watu wanaopima na kupanga dozi za mionzi katika taasisi kama ile ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Ninayoizungumzia hapa ni fizikia ya daktari wa kawaida, hata yule wa hospitali ya wilaya.

Tuanze na kipimo ambacho karibu kila mtu mzima amewahi kufungiwa mkononi. Ukiambiwa presha yako ni 120 kwa 80, hizo ni milimita za zebaki. Moyo ukijikaza, msukumo wa damu unatosha kuinua zebaki kwenye bomba hadi milimita 120. Ukipumzika, unashuka hadi 80. Zebaki ilichaguliwa kwa uzito wake, kwani ni nzito mara 13.6 kuliko maji. Bomba lilelile ukilijaza maji, 120 inakuwa mita 1.6, kimo cha mtu mzima. Mwaka 1733 kasisi wa Uingereza, Stephen Hales, alichapisha habari za jaribio lake la kuchomeka bomba la kioo kwenye mshipa wa farasi, na damu ilipanda zaidi ya mita mbili. Bomba la namna hiyo huwezi kuzunguka nalo wodini.

Sasa mtazame mama aliyekaa kwenye benchi la kliniki, mkono umening'inia pembeni, mkanda wa mashine ya presha uko sentimita 15 chini ya usawa wa moyo. Damu ni kimiminika kama vimiminika vingine: kadiri unavyoshuka, kanieneo inaongezeka, na sentimita 15 za damu ni sawa na takriban milimita 12 za zebaki. Mashine inaandika 142 kwa 92. Uweke mkono uleule juu ya meza, usawa wa moyo, na utasoma 130 kwa 80. Akipimwa hivyo vibaya kliniki baada ya kliniki, ataanzishiwa vidonge vya kumeza maisha yake yote kwa ugonjwa ambao hana. Mashine haijaharibika, wala muuguzi hajasoma vibaya. Kilichokosekana ni kanuni ya kanieneo katika vimiminika, ambayo mwanafunzi aliipita mapema kabisa sekondari akidhani ni habari ya matangi na mabwawa.

Kifaa ninachopenda zaidi kukieleza ni kile kidogo kinachobana kidole na kuonyesha kiwango cha oksijeni, ambacho watu wengi walikizoea wakati wa Uviko. Ndani yake kuna taa mbili. Moja inatoa mwanga mwekundu wa takriban nanomita 660, nyingine mwanga wa infraredi wa karibu nanomita 940, ambao jicho halioni. Damu yenye oksijeni ya kutosha inaupitisha zaidi mwanga mwekundu na kufyonza zaidi ule wa infraredi. Damu iliyopungukiwa oksijeni inafanya kinyume. Kifaa kinalinganisha mianga hiyo miwili kila mpigo wa moyo, kisha kinaandika asilimia. Hakioni oksijeni yenyewe. Kinaona rangi, basi.

Shika hilo la rangi, kwa sababu uhai wa mtu unaweza kulitegemea. Usiku wa baridi, familia imeingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Asubuhi majirani wanawaleta hospitali, wamelegea, vichwa vinauma, mmoja hajitambui. Unambana kidole yule aliyelegea zaidi: asilimia 98. Daktari aliyekariri kwamba 98 ni nzuri anaanza kutafuta malaria au sumu ya chakula. Lakini mkaa unaoungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, nayo hushikamana na hemoglobini, kile kinachobeba oksijeni kwenye damu, kwa nguvu kuliko oksijeni, na damu iliyobeba hewa hiyo ni nyekundu ya kung'aa. Mbele ya mwanga mwekundu inafanana sana na damu yenye oksijeni. Mgonjwa anakosa oksijeni na kifaa kinasoma vizuri kabisa. Mwenye kujua jinsi mwanga unavyofyonzwa hatampa kifaa hicho neno la mwisho. Atauliza kuhusu jiko na kumwekea mgonjwa oksijeni nyingi kadiri iwezekanavyo, papo hapo.

Jambo hilohilo linatugusa sisi wenye ngozi nyeusi kwa namna nyingine. Melanini, ile inayoipa ngozi rangi, nayo inafyonza mwanga. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa kwa wagonjwa Weusi kifaa hiki kilishindwa kuonyesha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa Wazungu, ulipolinganishwa na kipimo cha damu yenyewe. Kwa hiyo daktari wa Afrika anayeona 92 kwenye kidole cha mgonjwa anayepumua kwa taabu ana sababu ya kuwa na wasiwasi kuliko namba yenyewe inavyosema. Mtaalamu wa fizikia hayupo usiku huo wa kumkumbusha. Daktari anayo aliyosoma tu.

Nenda sasa wodi ya wazazi. Mama amejifungua na damu haikati. Kwenye trei kuna kanula, sindano za kuwekea dripu, za rangi mbalimbali: ya kijivu namba 16, ya kijani namba 18, ya pinki namba 20, ya bluu namba 22. Namba ikiwa kubwa, sindano ni nyembamba. Mtu anaweza kufikiri kuwa bomba lenye nusu ya upana litapitisha nusu ya maji. Daktari wa Ufaransa, Jean Poiseuille, alilipima jambo hili katika karne ya 19 kwa sababu alitaka kuelewa damu inavyopita kwenye mishipa midogo, akakuta kwamba mtiririko unafuata nusu kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne. Upana ukipungua kwa nusu, kinachopita ni sehemu moja ya kumi na sita. Ndiyo maana mama huyu anawekewa kanula nene na fupi, mbili, moja kila mkono. Ukimchoma ya bluu kwa sababu mshipa wake ulipatikana kirahisi, dripu itadondoka taratibu huku damu ikimwagika.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini mafua ya mtoto mchanga si ya kupuuzwa. Njia ya hewa yenye upana wa milimita 4 ikivimba milimita moja tu kila upande, inabaki milimita 2, na kazi ya kupitisha hewa inakuwa ngumu mara 16. Uvimbe uleule kwenye njia ya hewa ya mtu mzima unamkera tu.

Kwa watoto njiti kuna kifaa ambacho uzuri wake ni urahisi wake. Mapafu ya njiti yanajifunga kila anapotoa pumzi, kwa sababu mvutano wa uso wa majimaji yaliyomo unavibana vifuko vya hewa. Mwili wake bado haujatengeneza vya kutosha ule utando wa kupunguza mvutano huo. Unachohitaji ni hewa yenye msukumo kidogo usiokatika, ili vifuko vibaki wazi. Bomba la kutolea hewa linatumbukizwa kwenye chupa ya maji kwa kina cha sentimita 5, na mtoto anapata msukumo wa sentimita 5 za maji. Ukitaka 6, unashusha bomba sentimita moja. Mapovu yakikoma, ujue hewa inavuja mahali, anza kukagua mipira ya puani. Rula na chupa ya maji vinashikilia mapafu ya binadamu.

Mengine nayapitia haraka. Jeli ya ultrasaundi hupakwa kwa sababu hewa kidogo tu kati ya kifaa na ngozi hurudisha karibu mawimbi yote ya sauti kabla hayajaingia tumboni. Kwenye eksirei, ukirudi nyuma kutoka mita 1 hadi mita 2, mionzi inayokufikia inabaki robo. Kobalti-60 inayotumika kutibu saratani hupoteza nusu ya nguvu zake kila baada ya miaka 5 na miezi michache, hivyo mgonjwa wa leo hulala chini ya mashine muda mrefu kuliko yule aliyekuja ilipokuwa mpya.

Siwezi kudai kwamba kila kitu kwenye mtaala kitakufuata wodini. Hesabu za jiwe lililorushwa hewani sijaziona zikimtibu mtu. Ila zinakufundisha kushika namba pamoja na kipimo chake na kuuliza kama jibu linawezekana, na daktari asiyejiuliza hivyo ndiye anayeandika gramu mahali pa miligramu.

Basi chukua mfano mmoja, uufanye mwenyewe. Mgonjwa wa nimonia anapewa rufaa, safari ni mwendo wa saa sita, na anatumia oksijeni lita 5 kwa dakika. Mtungi uliopo una ujazo wa lita 10, geji inasoma baa 120 (baa moja ni karibu sawa na kanieneo ya hewa inayotuzunguka). Oksijeni ndani ya mtungi ni hewa iliyoshindiliwa, tofauti na gesi ya kupikia ambayo ni kimiminika na hukaa na msukumo uleule mpaka inapokaribia kwisha. Hapa geji inasema kweli: kanieneo ikishuka nusu, kilichobaki ni nusu. Zidisha 10 kwa 120, unapata lita 1,200. Gawa kwa 5, ni dakika 240, yaani saa nne. Dereva ameshawasha gari, ndugu wameshapanda na mashuka na chupa ya chai. Mwambie azime kwanza, mtungi wa pili uletwe.