Wenyeji asilia wa Marekani na pombe: ujumbe usio kweli

Umerudi tena kwenye magrupu: eti wenyeji asilia wa Marekani huzaliwa na damu isiyohimili pombe, ndiyo maana hawajali watoto. Si kweli. Miili yao huvunja pombe kama ya watu wengine. Fungua takwimu za unywaji za Marekani, usiishie kwenye safu ya walevi. Tazama ya wasiokunywa kabisa. Wapo wengi.

Ulevi upo, na umeumiza. Ila watoto wengi hawakutelekezwa: walichukuliwa kwa nguvu, wakapelekwa shule za bweni na familia za kizungu, hadi sheria ya Marekani ya 1978 ya kulinda watoto hao ikabana uchukuaji huo. Marufuku ya serikali ya Marekani ya kuwauzia pombe, iliyowalenga wao na kudumu hadi 1953, nayo ilifanya tatizo lionekane la kuzaliwa. Ukitumiwa ujumbe huo, usiusambaze.