Ulitafuta kwa jina gani?

Kila mwaka hunifikia rasimu ya sura ya pili ya tasnifu, ile ya mapitio ya kazi tangulizi, yenye sentensi hii: "Hakuna mtafiti aliyewahi kuchunguza mada hii." Sibishani nayo. Nauliza tu: ulitafuta kwa jina gani?

Mwanafunzi mmoja alikuwa anashughulikia lahaja ya Barawa, pwani ya Somalia. "Dokta, nimetafuta wiki nzima," akaniambia. Kumbe wiki nzima alikuwa akiandika "Kibarawa" peke yake kwenye Google Scholar. Tukakaa pamoja tukajaribu majina mengine ya lahaja hiyo hiyo: Chimwiini, kisha Chimiini, kisha Chimbalazi. Tukajaribu na Mwini, jina wanalotumia Nurse na Hinnebusch katika kitabu chao cha 1993 kuhusu Kiswahili na lugha za Kisabaki, yaani kundi la lugha za Kibantu ambamo Kiswahili kimo. Mwisho Bravanese, alivyoiita Morris Goodman katika makala yake ya 1967. Kila jina lilikuja na watafiti wake. Kulikuwa na hata kamusi, ya Kisseberth na Abasheikh. Binti wa watu alinyamaza kidogo, kisha akaifuta ile sentensi.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta chochote, orodhesha majina. Kibajuni, lahaja nyingine ya Kiswahili, utakikuta pia kama Kitikuu au Kigunya. Wajerumani wa zamani waliandika Suaheli. Ukishapata kazi moja nzuri ya karibuni, anzia nyuma, kwenye marejeo yake, kisha angalia nani waliinukuu baadaye. Majina yakianza kujirudia, funga kompyuta usome.

Ugomvi wangu mkubwa uko kwenye kuandika. Fulani (1987) anasema hivi. Fulani mwingine (1994) naye anasema vile. Aya kumi za namna hiyo ni gwaride, si mapitio: kila mtu anapita, anapiga saluti, anaondoka. Mimi huwaambia wapange aya kwa maswali. Kwa Chimwiini swali la kwanza linajileta lenyewe: ni lahaja ya Kiswahili au ni lugha inayojitegemea? Wapo wa upande huu na wa upande ule. Waweke chumba kimoja, onesha kila upande unaegemea ushahidi gani, msamiati au sarufi, halafu useme wewe unaona nani kayumba na wapi.

Yule binti alirudi na kurasa 9 badala ya 22. Pengo lake, yaani lile ambalo watafiti hawajaligusa, lilikuwa limepungua sana, ila safari hii aliweza kunionesha lilipo.